Mtu Asiyeweza

Nimepanga vyumba katika miji mingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili zake. Sasa niko Kaloleni, na asubuhi zisizo na mawingu nauona Mlima Meru wote hadi kileleni. Kila nikiutazama nakumbuka mwaka wangu wa mwisho katika shule ya kati, enzi za Mwingereza, na wiki ile ambayo nusura nirudishwe nyumbani kupalilia kahawa maisha yangu yote.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana wa Kizungu, mgeni, shingo nyekundu kwa jua. Alikuwa akitufundisha kueleza watu: mtu anayeweza jambo fulani, mtu anayepaswa, mtu anayeruhusiwa, mtu asiyeweza. Siku moja akataka tuandike sentensi nne juu ya watu wa nyumbani, moja kwa kila aina. Tatu za kwanza hazikunisumbua. Baba anayeweza kuziba mfereji uliobomoka. Mama anayepaswa kuamka kabla ya jogoo. Dada anayeruhusiwa kwenda sokoni peke yake. Ya nne ikanikwamisha. Sote tulikuwa watoto wa Kimeru wa huko mlimani, na kwetu mtoto hamtaji mkubwa wake kwa jambo lililomshinda. Bibi yangu alikuwa haoni kwa miaka mingi, lakini hakuna aliyelitamka hilo nyumbani, hata kwa kunong'ona. Basi nikajiandika mwenyewe: mimi ni mvulana asiyeweza kusema Kiingereza kizuri. Nilijiona mjanja.

Darasa zima lilikuwa limeandika hivyo hivyo.

Mwalimu alijua moja tu, kwamba tumeangaliziana. Akasema asipojulikana aliyeanza, hakuna atakayefanya mtihani wa kuingia sekondari. Baba alikuwa amekwisha kuwatangazia watu pale kanisani kwamba mwanawe ataufanya.

Akatuita ofisini mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, aliniuliza kwa Kiingereza cha polepole kama kwetu hakuna hata mtu mmoja aliyeshindwa na kitu. Nikasema yuko bibi. Bibi ana nini?

"Ni mzee, bwana."

"Anaona?"

"Anatusikia tangu tukiwa kule mferejini."

"Sikuulizi kusikia. Anaona?"

"Anaujua kila mgomba wake kwa mkono, bwana."

"Kwa hiyo haoni."

"Umesema wewe, bwana."

Mwalimu akaweka kalamu chini na kuanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka akavua miwani. Akaniambia kwamba mwenzangu aliyetangulia alikuwa amemweleza habari za baba ambaye haandiki barua kwa kuwa amejaliwa watoto wa kumwandikia.

Tukarudi wote darasani. Akatangaza kuwa mtihani upo, na ni wa kila mtu. Halafu akaitaka ile sentensi ya nne upya, safari hii juu yake yeye. Tukatazamana. Mmoja nyuma akasema kwa Kimeru kwamba huyu hana hata mke, hajawa mzee, hapana ubaya. Basi tukaandika kurasa nzima: mwalimu asiyeweza kumenya ndizi mbichi, mwalimu asiyeweza kushuka na baiskeli kwenye tope, mwalimu asiyeweza kuitikia shikamoo ila kwa shikamoo nyingine. Alizisoma zote kwa sauti, akisahihisha huku masikio yakimwiva.

Jumamosi nikapanda nyumbani. Bibi alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, na kabla sijauvuka ua akaita jina langu. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba mtihani nitaufanya. Alinivuta karibu, akanipitishia vidole usoni, kwenye paji, kwenye mashavu, taratibu.

"Marahaba," akasema. "Umekonda. Lakini leo una raha."