Kamyo Yenye Ilikunywa Mawese

Kama aibu ilikuwa inaua, mimi njo bangenizika wa kwanza. Basi, mutanicheka, lakini musikilize paka mwisho.

Kisha uhuru, na vita yenye ilifwata, mazutu, mafuta ya kamyo, haikufika tena Walikale, na mimi shofere nilikuwa nakaa tu Mpofi kuangalia kamyo kama mujane. Halafu nikasikia ku radio kama bazungu banatoa umeme mu jiwe, ile urani, tena jiwe ya kwetu Kongo! Nikajisemea: kama jiwe inaweza kuwasha muji, mawese itashindwa na kamyo? Nikachemusha mafuta ya mawese, nikachuja na kitambaa, nikamwanga mu tanki, na haki ya Mungu, motere ikaitika.

Ile wiki dada yangu Furaha akashikwa na uchungu, mutoto amelala vibaya mu tumbo. Bwana yake, Bahati, alikuwa amekwisha kuita banaume munane bamubebe na kipoyi, kitanda ya miti, paka hopitali ya Masisi. Mimi nikabafukuza mbele ya bantu yote: "Rudini ku mashamba! Kubeba muntu ku mabega iko kazi ya zamani!"

Tukamulalisha Furaha nyuma mu kamyo, tukapita Kashebere muzuri kabisa. Kule juu ku milima tukakuta soko ya maharagi, na moshi ya kamyo ilikuwa inanuka sawa mikate ya kukaanga, bantu bakakimbia kuona.

"Shemeji, usisimame," Bahati akasema.

"Dakika moja tu."

Nikazima motere (eeh, nikazima, juu basikie sauti yangu vizuri!) nikapanda ku mbao ya kamyo, nikahubiri mwisho wa petroli. Mvua ikaanza, baridi ile ya Masisi yenye inaingia paka mu mifupa. Kuwasha: kimya. Kuwasha tena: kimya. Nikafungua mupira yenye inapitisha mafuta, mawese imeganda ngumu.

Mama moja muuza maharagi akachungulia. "Papa shofere, huku kwetu mawese tunakata na kisu."

Soko yote ikacheka, hata mimi nikajikaza kucheka. Halafu Furaha akalia kule nyuma, na hakuna muntu alicheka tena.

Nikawasha moto chini ya mupira, mupira ikaungua. Njo bakulima ba soko bakaacha mizigo yao, bakakata miti, bakafunga blanketi juu yake, bakamubeba Furaha. Nikataka kushika mbele, moja akanisukuma: "Wewe mufupi, utatuchelewesha." Nikafwata nyuma mu matope, mikono mitupu, paka hopitali, mangaribi.

Furaha alipona. Mutoto hapana. Muganga akasema alikuwa angali muzima saa sita ya muchana. Saa sita mimi nilikuwa napuliza moto.

Bahati hakunipiga. Heri angenipiga.

Sikatai, petroli itakwisha siku moja, na mawese ao ile jiwe itakamata nafasi yake. Mwenye anataka kujaribu, ajaribu na magunia ya maharagi. Mimi nilijaribu na mutoto wa dada yangu, alikuwa mwanaume, na paka leo sina uso wa kumuuliza Furaha jina gani alikuwa amemuchagulia.