Mama Mkwe Alivyozama Kwenye Lami Yangu

Chekeni tu, hata mke wangu Nekesa bado anacheka, na aliyezama ni mama yake mzazi. Mimi ndio siwezi kupita ile barabara ya Kileleshwa bila kushusha kofia mpaka puani.

Mnajua kazi yangu ni kulaza mabomba ya maji. Sasa Nairobi hii ukitaka kukata barabara, lazima kampuni ya bima ikuwekee dhamana, yaani iahidi kaunti kwamba usiporudisha lami vile uliikuta, wao watalipa, halafu wakugeukie wewe. Na watu wa bima si wajinga, wanataka kitu ya kushikilia. Mimi nilikuwa na nini? Sepetu na wilibaro! Ni mama mkwe aliyenihurumia, mjane wa watu, akatoa hati ya ploti yake ya Mutuini, zile nyumba za kupangisha zinazomlisha, akamtuma Nekesa aniletee. (Akamtuma, kwa sababu kwetu Bungoma mtu na mama mkwe hawapeani mkono, hawaketi pamoja, mkikutana njiani unapisha mbali.)

Bomba likalala vizuri kabisa. Shida ilikuja kwa kufukia. Mashine ya kushindilia udongo ikazima, fundi akasema spea ni mpaka kesho, mimi nikaona aah, udongo ni udongo, nikawaambia wafanyakazi waukanyage na gambuti, tukamwaga lami juu, ikang'aa mpaka nikaipiga picha. Nekesa akamwonyesha mamake hiyo picha, na mamake akasema siku ya ukaguzi lazima aje aione barabara iliyoshika ploti yake.

Usiku wa kuamkia ukaguzi ikanyesha mvua, wacha tu.

Mkaguzi wa kaunti alikuwa Bwana Athmani, mzee mpole wa Mombasa, na kwa vile ilikuwa Ijumaa alikuja na kanzu nyeupe, rifleta juu yake, ile fulana ya kung'aa ya watu wa barabara, awahi msikitini. Akaitazama lami, akaigusa na ncha ya kiatu, akatoa kalamu. Nikaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Kumbe mama mkwe, aliyekuwa amesimama mbali nami inavyotakiwa, ameona mkwewe hasifiwi vya kutosha.

"Injinia, hii si ya kugusa na kidole! Hii ni kazi ya mkwe wangu!"

Akaingia katikati, akaanza kuikanyaga kwa mdundo wa harusi, na mama ana mwili, si haba, na kabla sijafungua mdomo lami ikaachana akashuka mpaka kiunoni.

Dada wa kazi wakajaa kwenye balkoni, watu wa boda wakasimama, simu zote juu, na mimi niko ukingoni mikono nyuma.

"Mshike mkono, bwana! Wangoja nini?" Athmani akanifokea.

"Siwezi, mzee. Ni mama mkwe."

"Basi si ndio zaidi umshike!"

"Kwetu hairuhusiwi."

Jamaa mmoja wa boda akauliza kama mimi ndio kontrakta ama nimekuja kutazama. Mama mkwe akaniangalia kutoka kule chini, kilemba kimelala upande.

"Mkwe," akasema, "ploti nimekupa, mkono unaninyima?"

Nikamshika. Nikavuta, Athmani akanishika kiuno anisaidie, ukingo ukabomoka, sote watatu tukaishia shimoni na ile kanzu ikawa nyekundu kwa matope. Watu walipiga makofi. Mimi nililia, sidanganyi, maana nilikuwa naona nyumba za mama wa watu zikipigwa mnada kwa sababu ya uvivu wangu.

Walitutoa watu wa boda. Athmani akakamua kanzu, akaniambia hatii sahihi, nichimbe upya, atarudi wiki ijayo. Nilirudia kila kitu, mashine ikishindilia udongo safu kwa safu, mama mkwe ameketi ng'ambo kwenye kiti cha plastiki akipaza sauti, "Tena hapo! Rudia!" mpaka watu wa ghorofa wakalalamikia kelele zake badala ya za mashine. Sahihi ikatiwa, hati ikarudi kwa mwenyewe. Mbuzi wa kutakasa ile mikono niliyomshika nayo, wazee bado wananidai.

Siku hizi mashine ikizima, kazi inazima, sijali nani anasubiri. Na wewe ukitafuta mtu wa kukudhamini, tafuta yule ambaye akizama utaruhusiwa kumvuta.