Nyumba Isiyo na Komeo

Mume wangu ni fundi wa makufuli, na kwa miaka kumi na sita nyumbani kwetu hakukuwa na mlango wa ndani unaofungika. Cheka tu, hata mimi nilicheka mwanzoni. Mlango wa mbele una vitasa viwili na kufuli moja la kuzuia jeshi. Lakini ukishaingia, basi: chumba chetu, chumba cha watoto, jiko, hata bafu, milango yote inaning'inia kwenye bawaba bila komeo, bila ufunguo, bila hata msumari wa kukunja. Aliving'oa vitasa mwenyewe siku tuliyohamia, akaziba matundu kwa vipande vya mbao na kuyapiga msasa mpaka huwezi kujua palikuwa na kitu.

Bafuni sheria ilikuwa moja: ukiingia, imba. Ukinyamaza utasikia hatua zake, halafu "Upo?", na kabla hujajibu mlango umeshafunguliwa. Kwa hiyo tuliimba. Binti yetu mdogo, ana miaka sita, ameimba humo mpaka mtaa mzima wanamwita Redio. Mama yangu alipokuja kututembelea aliimba nyimbo zote za utoto wake, zikamwishia, akaanza kutaja majina ya wajukuu mmoja mmoja, akatoka na povu masikioni. "Mwanangu," akaniambia, "huyu mwanaume umemtoa wapi?"

Nimemtoa kwenye kibanda chake cha funguo, ng'ambo ya barabara, mkabala na saluni ninayosukia. Asubuhi moja ufunguo wangu ulikatikia ndani ya kufuli, na wateja wawili wameshakaa ngazini wakiningoja. Alikuja na kisanduku chake, akainama, akafungua hata sijamaliza kulalamika. Maneno yake machache. Ufunguo anauchonga kwa mashine, kisha anaumalizia kwa tupa, anaupuliza, anaupapasa kwa kidole gumba huku amefumba macho. Watu wanamwita Fundi Kimya. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikaona tutafaana.

Yako mambo niliyaona nikayapuuza. Kila siku saa tisa alasiri alikuwa anafunga kibanda na kuja nyumbani, iwe mvua iwe jua. Hanywi chai, hakai. Anapita mlango hadi mlango, anausukuma kila mmoja kwa ncha za vidole, kisha anarudi kazini. Halafu hakuwahi kucheza na watoto wake, hata siku moja. Wakimletea mpira au karata uso unamkauka, anasema, "Mpelekeeni mama yenu." Nilidhani ni majivuno.

Na ilikuwepo kazi moja aliyoikataa. Ukimwambia "Mtu yuko ndani, amejifungia, haitiki," anakuelekeza kwa fundi mwingine kule sokoni. Mara moja tu alinaswa. Jirani alikuja mbio anahema, baba yake mzee kajifungia chumbani, anaitwa haitiki. Watu wote wakamgeukia Fundi. Akaenda. Bisibisi ilimdondoka mara tatu, na ya tatu hakuiokota, akaondoka zake na kuacha kisanduku palepale chini. Dakika hiyohiyo mzee akafungua mwenyewe, anapiga miayo, kumbe alikuwa amelala fofofo. Mtaa ulicheka wiki nzima. Mume wangu hakula siku mbili. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Binti yetu mkubwa ana miaka kumi na minne. Alipewa jina la mama mkwe wangu, kwa hiyo baba yake humwita Mama. "Mama, umekula?" "Mama, daftari lako hili." Mama mkwe mwenyewe sikumkuta. Niliambiwa aliugua ghafla akafariki mume wangu akiwa mdogo, basi, hadithi imeishia hapo. Ukiuliza zaidi, Fundi anainuka anaenda kupanga funguo ambazo zimeshapangwa. Lakini nakwambia, yule mama nilikuwa ninaishi naye. Yupo nyuma ya kila mlango wa nyumba ile. Wakati mwingine nikiwa peke yangu nasuka nywele zangu kwenye kioo, kukiwa kimya, najikuta nimeanza kuimba bila sababu.

Tangu avunje ungo, binti huyo mkubwa akaanza kudai mlango wake. Ni haki yake, nani atabisha? "Mama, mwambie Baba apige hodi." Nikamwambia. Akawa anapiga hodi huku anafungua, hodi na mlango vinafika pamoja. Binti akanuna. Akaacha kula na sisi, akaacha kumwamkia baba yake, akawa anajibu mkato tu: ndiyo, hapana, sijui.

Jumamosi moja alikuja na rafiki zake watatu, wanajaribu nguo za onyesho la shule. Wenzake walikuwa sebuleni, yeye akaingia chumbani kubadilisha. Akachukua kiti akakikaza mlangoni, chini ya ubao wa katikati ya mlango. Na mimi niko jikoni namenya viazi, sina habari. Ikagonga saa tisa.

Nikasikia Fundi anausukuma mlango. Haukwenda. "Mama?" Kimya. "Mama! Mama!" Sauti ile sikuwahi kuisikia tangu tuoane. Haikuwa sauti ya mtu mzima. Ndani binti akajibu kwa hasira, "Nipo! Hebu nenda huko!" Mtu mwingine angeondoka, si ameambiwa yupo? Yeye alirudi nyuma hatua tatu akauvamia mlango kwa bega. Kiti kikavunjika, bawaba ya juu ikang'oka. Akamkuta mwanawe amevaa nusu, akamshika uso, akampapasa mikono, "Uko mzima? Mama, uko mzima?" Wasichana watatu wamesimama sebuleni, midomo wazi.

Binti hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Alijifunga shuka, akangoja wenzake waondoke, akatoa begi. "Kesho asubuhi nahamia kwa shangazi. Huku sirudi."

Nikampigia simu wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, nikitaka amkatalie. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Wifi, mimi sikuwepo, nilikuwa bweni. Muulize mumeo kuhusu mlango wa mama." Akakata.

Fundi alikuwa ameshakimbilia kibandani. Nikavuka barabara na aproni yangu, mikono ina maganda ya viazi, nikamjia juu mbele ya mteja. Mteja akakumbuka ana haraka. "Miaka kumi na sita," nikamwambia, "naoga huku naimba kama kuku anayetaka kutaga! Nimevumilia. Leo umemvua mwanangu nguo mbele za watu, kesho anatuhama. Mlango wa mama yako ulikuwaje? Sema!"

Alikuwa ameshika ufunguo ambao haujamaliziwa. Akaanza kuusugua kwa tupa, akaongea akiutazama huo.

"Nilikuwa na miaka tisa. Nimetoka shule saa tisa. Chumba kimekomewa kwa ndani. Nikagonga. Akasema, 'Nipo, mwanangu. Nenda kacheze.'" Tupa ikasimama. "Haikuwa kawaida yake. Ilikuwa lazima nile kwanza, ndiyo nicheze. Nikafurahi. Unanisikia? Nilifurahi. Nikatupa mkoba palepale mlangoni, nikaenda kucheza. Niliporudi watu walikuwa wameshavunja mlango."

Nikafuta mikono kwenye aproni, maganda yakaanguka.

"Waliniambia ameugua ghafla. Lakini wakawa wananong'ona, na mimi nina masikio. Alijitoa uhai." Akaniambia na mengine, taratibu, kama mtu anayetoa miiba. Kwamba miezi michache kabla ya siku hiyo mama yake alijifungua mtoto, mtoto hakukaa. Tangu hapo akawa hali, hasemi, anakaa siku nzima kwenye ukingo wa kitanda. Wanawake walikuja wakamwambia ajikaze, ana watoto wengine wa kulea. "Hata nywele alikuwa hachani," akasema.

Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye ndoo. Mimi msusi. Wanawake wangapi wamekaa kwenye kiti changu na nywele za wiki tatu, mtoto mgongoni, macho hayaoni kitu, na mimi nikawaambia, "Jikaze, shoga, ndiyo uzazi huo," nikaendelea kusuka? Nilijiona nimesimama mlangoni pale na wale wanawake.

"Si wewe uliyemuua," nikamwambia.

"Najua. Lakini nilifurahi."

"Mwambie mwanao haya uliyoniambia."

"Yule ni mtoto."

"Na wewe ulikuwa nani?"

Akaweka tupa mezani. Alifunga kibanda, na njia nzima sikuongea, jambo ambalo nadhani lilimtisha kuliko kelele zangu.

Binti alikuwa amekaa kitandani, begi miguuni. Mlango wenyewe tulikuwa tumeuegemeza ukutani, kwa hiyo nafasi ilikuwa wazi kabisa. Fundi alisimama pale kizingitini, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile akauliza, "Naweza kuingia?" Binti akainua bega moja. Akaingia, akakaa sakafuni, akamsimulia. Mimi niko ukumbini nimemkumbatia Redio nikimziba masikio, ingawa yangu nimeyatega. Hakuruka kitu. Hata ile ya kufurahi aliisema.

Alipomaliza, binti akakunja miguu kitandani. Kisha akauliza, "Ulikuwa unacheza nini?"

Fundi akamtazama kama ameulizwa kwa lugha ngeni. Tangu akiwa na miaka tisa hakuna mtu aliyemwuliza. "Mpira," akasema. "Nilikuwa golikipa." Halafu akalia, mwanaume mzima, mabega yanamtikisika, na mtoto akashuka kitandani akakaa karibu naye. Hakumgusa. Alikaa tu.

Begi likarudi chini ya kitanda. Lakini yule mtoto ni damu yangu, hasahau madai yake. "Sitaondoka, Baba. Ila mlango nautaka. Na kitasa."

"Nipe muda," akasema.

Mlango aliurudisha kwenye bawaba kesho yake; muda wenyewe, wa kitasa, ulikuwa wiki tano. Nilimpeleka zahanati, kwa mama mmoja mshauri anayeongea na watu wenye mizigo kama ile. Mara ya kwanza alirudi na uso wa mtu aliyeng'olewa jino, akaapa harudi tena. Wiki iliyofuata nikamwona mwenyewe anapiga pasi shati la kwendea. Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Saa tisa ilikuwa inamkuta bado, anasimama ukumbini vidole vimemtangulia, anavirudisha mfukoni. Siku nyingine havikurudi, akasukuma, akaomba radhi. Na mimi saluni nikajifunza kitu kimoja: akija mama na macho yale, naweka chanuo chini kwanza. Namwuliza, halafu nanyamaza nisikie.

Jumamosi ya wiki ya tano alirudi na kitasa kipya kwenye kisanduku. Akamwita binti. "Shika bisibisi, Mama. Fundi ni wewe, mimi msaidizi." Wakapima, wakatoboa, wakakosea tundu moja, binti akamcheka, naye akakubali kuchekwa. Redio anapitisha skrubu moja moja kama nesi. Kilipokaa sawa, Fundi akatoa funguo mbili alizozichonga mwenyewe, akaziweka zote kwenye kiganja cha mwanawe.

"Na wewe je?" binti akauliza.

"Zote zako."

Binti akaziangalia, akamwangalia baba yake. Akaingia. Mlango ukafungwa. Ufunguo ukazunguka, kraki, sauti ambayo haijawahi kusikika ndani ya nyumba yetu.

Mume wangu alishika ukuta. Ndani kimya. Saa ya ukutani inaelekea saa tisa, na najua mama mkwe naye alikuwa amesimama na sisi pale ukumbini, mwanamke nisiyemjua sura. Nilitaka kumwambia binti aimbe. Nilitaka kupiga kelele. Fundi akaanza kurudi nyuma, hatua moja, ya pili, kama mtu aliyefukuzwa.

"Baba," sauti ikatoka ndani.

"Naam, Mama."

"Usiende kucheza. Kaa hapohapo, tuongee."

Akasogea tena. Alikaa chini puu, mgongo mlangoni, kichwa akakilaza kwenye mbao. Ndani nikasikia na binti naye anakaa, mgongo wake upande wa pili. Akaanza kumweleza habari za mwalimu wao wa hesabu, na rafiki yake aliyeondolewa kwenye onyesho, na kijana fulani ambaye mimi mama yake sikuwahi kuambiwa kwamba yupo. Saa tisa ikagonga, ikapita. Chai nilimpelekea palepale sakafuni, akainywa huku anamjibu.