Keki Ndani ya Tairi ya Mama

Nilichota miiko mitatu ya rojo la keki ya harusi ya watu, nikalimwaga ndani ya tairi ya baiskeli. Kwa makusudi. Nikiwa na akili zangu zote, kama hizo ndizo zote.

Najua mnafungua ukurasa huu mkitafuta walioiba waume na mashamba. Poleni. Leo mmepata mwanafunzi wa kidato cha tatu na tairi. Lakini ngojeni kidogo. Dhambi ni dhambi hata ikinukia vanila.

Naishi Tuwan, hapa Kitale, na mama yangu. Baba anafanya kazi Lodwar, huja Desemba. Mama huoka keki za siku ya kuzaliwa na kuzipelekea wateja kwa baiskeli yake ya maunteni, ile ya springi mbele, tairi pana, kashata zake, yaani meno ya tairi, nene kama vidole vya mtoto. Baiskeli hiyo ndiyo miguu yake. Nyumbani kwetu kuna sheria nyingi ambazo huvunjwa na kusamehewa, lakini kuhusu baiskeli ilikuwa moja tu: usiiguse.

Na kweli sikuwa naigusa. Mimi si mtu wa kuendesha baiskeli, bana. Mimi ni mtu wa kusoma kuihusu. Mama akilala mchana Jumapili, nachukua simu yake na kutazama video za Wazungu wakishuka milima wakiwa na kofia za chuma. Nilijua gia zinazobadilika bila waya, kwa betri. Nilijua tairi zinazotuma ujumbe kwa simu ya mwenyewe kumwambia upepo umepungua. Nilijua tairi zilizosukwa kwa chuma, zisizo na upepo hata kidogo, ambazo ati zitatufikia hivi karibuni. Darasani waliniita Profesa. Hawakuwa wananisifu, lakini mimi nilichukua cheo.

Iliyonimaliza ni tairi isiyo na tyubu.

Ni hivi. Unatoa tyubu, unatupa. Ndani ya tairi unamwaga dawa nzito kama maziwa. Mwiba ukitoboa, ile dawa inakimbilia tundu na kuliziba kabla hujasema pancha. Tena kwa sababu hakuna tyubu ya kubanwa, unaweza kupunguza upepo, na baiskeli inapita juu ya mawe ikinesa kama godoro. Shikeni hapo kwa godoro. Hapo ndipo shetani aliponikuta nimekaa.

Agosti, binamu yangu Nekesa alikuwa anaolewa kwao Sirisia, nyumbani kwa kina baba. Sasa, mama yangu ni mzaliwa wa Kitale, na watu wake walitoka Kiambu zamani. Ameolewa Sirisia miaka mingi kuliko umri wangu, lakini senge, yaani dada ya baba, bado humwita mgeni. Senge ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa harusi. Alitaka keki itoke duka moja kubwa la Bungoma mjini. Kukhu, nyanya yetu, akakataa. Akasema hawezi kununua keki na mke wa mwanawe anajua kuoka.

Mama hakuwa ameoka keki ya harusi maishani. Tukifunga mizigo, sufuria juu ya sufuria, baiskeli ikingoja kufungwa juu ya gari, aliniambia kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu, nadhani.

“Wakiila hii keki, hawataniita mgeni tena.”

Mimi nilisikia vizuri. Sina masikio mabovu. Andikeni hapo.

Kutoka kwa kukhu hadi kanisani ni kama kilomita mbili, mawe matupu na matope, na mvua ilikuwa imekataza magari kupanda. Pikipiki ingeitikisa keki mpaka irudi kuwa unga. Mama alishapanga: keki itawekwa ndani ya boksi, boksi litafungwa juu ya keria ya maunteni, na baiskeli itasukumwa kwa mkono polepole. Mimi ningeshika usukani, yeye ashike boksi. Wasiwasi wake ulikuwa yale mawe ya darajani. Akawa anasema, “Tairi zingekuwa laini kidogo tu.”

Mnaona? Mtu ananiletea swali ambalo nina jibu lake. Ningenyamaza?

Ijumaa mchana mama alikuwa jikoni kwa kukhu, sufuria juu ya mchanga, makaa chini, makaa juu. Keki mbili kubwa zilikuwa zimeshaiva. Rojo la keki ya tatu, ile ya kukaa juu kabisa, lilikuwa kwenye beseni likingoja. Wanawake wa kuni wakafika, mama akatoka kuwasalimia. Na salamu za Sirisia si za kuharakisha: mpaka uulize ng'ombe.

Dawa ya tairi sikuwa nayo, hata Kitale sijaiona. Lakini nilikuwa nimejifunza kwamba lazima iwe nzito, laini, na inayonata. Nikatazama beseni. Beseni likanitazama.

Miiko mitatu. Halafu nikaongeza na hamira ya mkate, konzi moja, kwa sababu niliona ikivimba itaziba vizuri zaidi. Kwa nyumba yetu, kitu kikikataa, huongezwa hamira. Ndivyo nilivyolelewa.

Msaidizi wangu alikuwa Wafula, ndugu ya bibi harusi, rika langu. Yeye huendesha blakimamba ya babu yake, baiskeli nzito ya kizamani, na huamini kila kitu kilichotengenezwa baada ya hiyo ni mchezo. Tulitoa tyubu ya nyuma, tukazungusha plasta kwenye rimu, tukakata valvu ya tyubu kuukuu tukaichomeka, nikamimina.

“Sasa Profesa, hiyo ni tairi ama chapati?” akauliza.

Nikamwambia hiyo ni teknolojia inayokuja. Akasema basi ije na chai. Tukaipeleka kwa kijana wa kuziba pancha pale njiapanda, mwenye mashine ya upepo. Akajaza. Tairi ikapiga kelele, ikakaa kwenye rimu. Haikuvuja! Nilipunguza upepo kidogo, nikaibonyeza kwa kidole. Laini, jamani. Godoro. Nilitembea nayo mpaka nyumbani nikihutubia migomba.

Jioni mama alifunua sufuria ya keki ya tatu. Ilikuwa imelala chini kama kofia ya mtoto.

Aliigeuza. Akaitazama chini, akaitazama kando. Mimi nilikuwa pale pale nikilamba mwiko, naomba mlikumbuke hilo.

“Mkono wangu umekosea wapi?” akasema, lakini si kwangu. Kwa keki.

Na mimi, mtoto wake wa tumbo, nikamwambia labda ni makaa ya huku.

Jumamosi jua liliamka na hasira. Baiskeli ilikuwa imesimama nje, tairi ya nyuma ikielekea jua tangu asubuhi. Wafula akaibonyeza, akaniita kando. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Tulikuwa tumeiacha laini, na hakuna aliyeijaza. Mtu mwenye busara angeogopa. Mimi nilimshika Wafula bega na kumweleza kwamba tumevumbua tairi inayojijaza upepo yenyewe, na hata Wazungu hawajafika hapo. Kumbe hamira ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu. Kati yetu sote, mwaminifu ilikuwa hamira peke yake.

Mama alikuwa ameamua keki iwe ya ghorofa mbili, kwa sababu ile kofia ingeonekana kama mzaha pale juu. Kukhu hakutaka itupwe. Aliitia kwa kikapu, akafunika na leso, akatangulia kwa miguu.

Tukaanza safari. Mimi usukani, mama boksi, senge mbele na mwavuli na gauni la bluu lililopigwa pasi mpaka linakata. Kila jiwe tulilokanyaga, nyuma iliruka. Mama akauliza mbona tairi imekuwa ngumu hivi. Nikasema ni baridi ya asubuhi. Jua likinichoma utosi, nikasema ni baridi.

Darajani tukavuka. Nikapumua. Tukafika lango la kanisa, kwaya imejipanga mistari miwili na bibi harusi anashuka, na hapo teknolojia ikafika.

Sijui niwaelezeje huo mlio. Kwaya ilikatika katikati ya neno. Mchungaji alichutama. Tairi ilichomoka kwenye rimu, na kila kilichokuwa ndani kikaruka kwenda kumtafuta senge, kikampata kuanzia shingoni hadi magotini. Baiskeli ikakaa chini upande mmoja, boksi likateleza, mama akalikumbatia na kwenda nalo mpaka chini. Alikaa matopeni na gauni lake la kanisani akiwa ameshika boksi kifuani. Halikufunguka. Lakini ndani, keki ilikuwa imechukua umbo la kifua cha mama.

Senge alijipangusa shavu. Akanusa kidole. Akatazama watu kwanza, ndipo akamtazama mama.

“Mulamwa,” akasema taratibu, kwa ile sauti ya shemeji kwa shemeji, “kumbe hata tairi za Kitale zinaokwa?”

Watu walicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka pia, kidogo, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Halafu nikamwona mama akijaribu kuinuka bila kuliachilia boksi. Hakuna aliyekuwa amempa mkono. Hata mimi.

Nikasema ni pancha. Mama akatazama gurudumu, akanitazama.

Kukhu ndiye aliyeokoa siku. Wakati wa kukata keki alifunua kikapu, akaiweka ile kofia juu ya meza kubwa yenye maua. Bwana na bibi harusi wakaikata kwa kisu kilichokuwa kirefu kuliko keki yenyewe. Zile kubwa ziligawiwa zikiwa vipande viganjani, na watu walisifu utamu. Lakini kabla hatujaondoka, senge alitangaza mbele ya akina mama wote kwamba harusi nyingine ya ukoo, ile ya Desemba, keki itatoka mjini, kwa watu wanaojua kazi, tusimsumbue mgeni.

Mgeni. Nililisikia hilo neno nikiwa nimebeba gurudumu lililopinda. Halikuwa zito kama gurudumu, lakini ndilo nililofika nalo nyumbani.

Wiki yote iliyofuata mama alipeleka keki kwa miguu, kwa sababu rimu ilikuwa imekataa kunyooka. Mimi nilibeba maboksi kabla ya shule na baada ya shule. Huko Sirisia, Wafula anasema, siitwi tena kwa jina langu. Naitwa Hamira. Hayo yote niliyavumilia vizuri, hata nikaanza kujiona kama nimeshalipa.

Ila kulikuwa na jambo moja. Kila jioni, akimaliza za wateja, mama alioka tena ile keki ya tatu. Ileile. Anapima unga, anaandika kwa daftari. Anapima mayai, anaandika. Keki inainuka vizuri, anatikisa kichwa, kesho yake anaanza upya. Alizikata vipande akawauzia watoto wa shule asubuhi, na mimi nikala pembe, vile vipande vya kando visivyouzika. Nilikula pembe nyingi. Zilikuwa tamu, na kila moja ilishuka na mfupa.

Sasa nyinyi mnaotazama video kama mimi, nisikieni kabla sijamaliza. Teknolojia inayokuja, iacheni ije yenyewe, msiende kuipokea na mwiko. Tairi ya meno au tairi kipara, ya tyubu au bila tyubu, muulize anayeiendesha, si anayeisoma. Na ukiharibu kazi ya mtu, usimwache aanze kuukagua mkono wake mwenyewe. Heri angekuchapa.

Jioni ya keki ya saba nilishindwa. Mama alikuwa anachekecha unga, daftari limefunguliwa kando. Nilisimama mlangoni, nikasema yote kwa pumzi moja. Miiko mitatu, hamira, plasta, Wafula, makaa ya huku, baridi ya asubuhi. Nikamwambia mama, haikuwa mkono wako.

Hakugeuka. Alimaliza kuchekecha, akagonga chekeche ukingoni mwa beseni mara mbili, akafunga daftari. Ndipo akasema:

“Nilijua siku ileile, ile tairi ilinukia vanila yangu. Nilikuwa nangoja tu nione utaniacha nioke keki ngapi.”