Koti la Kijani la Mama

Juzi, mnadani Karatu, nilimwona dada mmoja akiubana mkono wa koti mdomoni na kupuliza, nikamkumbuka mama.

Nilikuwa mdogo, nimeishika sketi yake katikati ya marundo ya mitumba yaliyonuka dawa ya nondo na vumbi jekundu. Mama alikuwa amepata kazi ya kuwapikia wageni wanaotembea kwa miguu kwenye milima ya Ngorongoro. Safari ya kwanza alirudi amelowa chapachapa, akakohoa wiki nzima. Sasa alikuwa akiinua koti moja moja, analibana mdomoni, anapuliza. Mimi nilidhani anayabusu, nikaona aibu. Sikujua kwamba alikuwa anapima kama upepo unapita.

La kijani halikupitisha pumzi. Akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni, akachutama, akanipa kidumu cha maji.

"Nimwagie mgongoni, mwanangu. Kwenye mishono hasa."

"Dada, unaniharibia mali!" muuzaji alipiga kelele.

"Likivuja nalinunua hivyo hivyo, kaka. Mwaga, mwanangu!"

Nikamwaga huku nikilia, nikidhani namwumiza. Maji yaliteleza kwa mlio kama wa mvua juu ya bati. Watu wakajaa. Mama akasimama, akavua koti, akageuka taratibu ili wote waone. Blauzi yake ilikuwa kavu kabisa.

Muuzaji akaliburuta rundo zima la makoti mpaka miguuni pa mama.

"Mimi nakaa Rhotia, kwenye upepo," akasema. "Nichagulie na mimi, dada."