Bibi Harusi na Damu ya Ubuyu

Juzi nipo kwa daktari wa meno hapa Kimara, shavu limenivimba, akaingia dada mmoja kajiziba mdomo na khanga, analia.

"Dokta, natema damu tangu asubuhi! Jumamosi naolewa. Ukining'oa meno ya mbele, ukumbini nitaingiaje mie?"

Mlango wa chumba cha dokta ulikuwa wazi. Sie wagonjwa, benchi zima, tukanyoosha shingo.

Dokta, mama mtu mzima, akamfuta ulimi kwa pamba, akainusa. "Mwanangu, umekula nini leo?"

Dada akajibu kwa kisauti: "Ubuyu, mama."

"Basi hii ni rangi ya ubuyu, damu hamna! Ila sukari yake imeshaanza kukutoboa jino la nyuma. Nitaliziba leo leo. Ukitaka kutafuna, tafuna karanga."

Weee! Nilicheka mpaka shavu likagoma. Bibi harusi alitoka kazibwa jino, anacheka, ulimi mwekundu. Akafungua pochi, akatutolea pakiti ya ubuyu iliyobaki. "Chukueni jamani, mie nimekoma."

Pamoja na mashavu yetu kuvimba vile, mikono yote ikanyooka. Sukari tunaijua, ila tukiiona tunapagawa.

Dokta akachungulia: "Kuleni tu, wanangu. Mie nipo hapa hadi jioni."