Mabati ya Marehemu Mama

Mama alipofariki, nyumba yake ya mtaa wa Amani ilibakia kwangu, na mie paa lake sikulipenda. Lilikuwa la yale mabati mazito ya saruji, ya kijivu, tunayoyaita asbesto. Nikaezeka upya upande wa mbele. Mabati ya zamani yalikuwa bado mazima, na kwetu kitu kizima cha marehemu hakitupwi, hutolewa sadaka ili thawabu zimfuate kaburini. Nikayapeleka Mwanakwerekwe, kwenye chuo cha Kurani cha bibi mmoja aliyekuwa shoga wa mama tangu usichana wao. Makuti yake yalikuwa yameoza. Fundi akayakata mabati kwa msumeno palepale uwanjani, nami nimesimama kando, nimejaa fahari.

Miaka mitatu baadaye, jiko la uani, lililobakia na mabati yaleyale ya zamani, likaanza kuvuja. Nilitaka kumwita fundi yuleyule, binti yangu akagoma. Akasema asbesto haiguswi na fundi wa mtaani, inatakiwa mkandarasi mwenye cheti cha kazi hiyo. Tulinuniana siku mbili. Mwisho nkamwambia haya, mlete huyo mwenye cheti wako.

Mkandarasi akaja, akazunguka, akatazama, akaandika, akaondoka. Siku ya kazi alirudi na wenzake wawili. Alitutoa sote nyumbani, akafunga uchochoro kwa kamba, wakavaa nguo nyeupe za kujifunika mpaka kichwani na barakoa za kuziba pua na mdomo. Mie nipo barazani kwa jirani nnacheka: hawa wanashusha bati au wanakosha maiti wa kipindupindu? Waliyalowesha mabati kwa maji, wakayafungua moja moja bila kuyavunja, wakayafunga kwenye nailoni nene. Hawakukata hata kipande.

Alipomaliza akaniuliza, "Bi mkubwa, na ya upande wa mbele yalikwenda wapi?"

Nikamjibu kwa madaha kuwa niliyatoa sadaka chuoni.

"Yalikatwa vipi?"

"Kwa msumeno."

"Na vumbi lake?"

Hapo kicheko kikanikauka. Vumbi lilifagiwa na wanafunzi. Mie ndiye niliyewagawia mifagio.

Alinieleza taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. Vumbi lile lina nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni. Mtu akizivuta hukaa mapafuni, na maradhi yake huchukua miaka mingi sana kujitokeza, au yasije kabisa.

"Sasa ntajuaje?"

"Hutajua, Bi mkubwa. Wala mimi sijui."

Siku ya pili nikaenda Mwanakwerekwe. Nikamwamkia yule bibi wa chuo, Bi Mwalimu, shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipa mkeka. Nilipomwambia mabati lazima yashushwe, uso ulimbadilika.

"Unakuja kuichukua sadaka ya mama yako?"

"Nakuja kuwaondoshea watoto balaa niliyowaletea mie."

Nikamweleza yote. Vidole vyake vikachezea ncha ya mtandio. "Nliwaambia wafagie vizuri," akasema. "Aliyeacha vumbi nlimrudisha akafagie tena." Nililia mbele yake bila haya, na yeye hakunibembeleza.

Mkandarasi alikuja na watu wake kuyashusha. Wazee wa watoto walisimama nje ya kamba. Baba mmoja, kambeba binti yake begani, aliwapita mkandarasi na wenzake wote wenye barakoa akaja kwangu. Akaniuliza kama mwanawe ni mzima. Nilitaka kumwambia ndiyo. Wallahi nilitaka. Nikamwambia sijui, akaondoka bila ya kuniaga.

Alhamisi ya wiki ile watoto walisoma chini ya turubai, na mie nikaenda kukaa nao. Walipomaliza, Bi Mwalimu akawataka wamsomee Fatiha aliyewapa kivuli miaka yote ile, yaani mama yangu. Kumbe ndivyo walivyokuwa wakifanya kila Alhamisi, na mie sikuwahi kuambiwa. Wakasoma wote kwa sauti moja. Nikanyanyua mikono nimuombee mama. Nikawatazama wanavyovuta pumzi kila wanapomaliza aya, na dua yake nikaiacha. Nikawaombea wao, mmoja baada ya mmoja, mpaka wakaondoka. Mama siku ile sikumuombea.